Italia na Maji Yake

Italia ina kilomita za mraba zipatazo 302,000, yaani haifikii theluthi ya Tanzania, na watu wake ni kama milioni 59. Ina mikoa 20. Iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861, na tarehe 2 Juni 1946 wananchi walipiga kura wakaukataa ufalme, ikawa jamhuri. Mji mkuu ni Roma. Mto mrefu kuliko yote ni Po, kilomita 652, unaoteremka kutoka milima ya Alpi na kumwaga maji yake Bahari ya Adria. Sehemu kubwa ya nchi ni milima na vilima. Tambarare haifiki robo, na iliyo pana zaidi ni hiyo inayopitiwa na Po. Huko ndiko tulikoishi, mimi na mume wangu, alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Pavia, kilichoanzishwa mwaka 1361.

Vijana waliooana juzi wakitoka Mpanda kwenda kuishi huko kwa muda, cha kwanza ni makaratasi. Bila namba ya kodi hupangishwi nyumba na benki haikufungulii akaunti. Kibali cha kuishi kinaombwa ndani ya siku nane za kazi tangu ufike, na fomu zake zinapitia posta. Kodi ya nyumba Milano ni kubwa mno; Pavia kuna nafuu. Maduka madogo mengi hufungwa mchana watu wakale, yakafunguliwa tena alasiri. Kahawa wanainywa wamesimama, haraka. Ukiingia dukani unasalimu kwanza, kama kwetu, nasi tulilipenda hilo. Majira ya baridi ukungu hutanda tambarare nzima, na jua unaweza usilione siku kadhaa. Dini ya wengi ni Katoliki.

Hayo yote mgeni huyazoea. Mimi nilichoshindwa kukizoea ni maji.

Nimezaliwa Kakese, huko Mpanda, nimekulia kwenye majaruba ya baba, na sikuwahi kufikiri kwamba Ulaya wanalima mpunga. Kumbe Italia peke yake inavuna karibu nusu ya mpunga wa Umoja wa Ulaya, katika hekta zaidi ya 200,000. Panda treni ya Pavia kwenda Vercelli, inayopitia Mortara, mwezi wa Aprili au Mei. Huku majaruba, huku majaruba, yote yamejaa maji, kila moja limesawazishwa kwa mashine inayoongozwa na mwale wa leza hadi huoni kiduta wala kishimo. Maji yamesimama kina kilekile kutoka tuta hadi tuta. Siku isiyo na ukungu, theluji ya Alpi unaiona juu mlimani na unaiona tena ndani ya jaruba. Mume wangu alikuwa akisoma vitabu vyake. Mimi nilisimama dirishani hadi Vercelli.

Nilitafuta pampu, nikaona chache sana. Maji yanajiendea yenyewe, kwa mteremko ambao jicho halioni. Mfereji mkuu unaitwa Cavour. Unaanzia Chivasso kwenye mto Po, unakwenda kilomita 80 na ushei hadi karibu na mto Ticino. Ulichimbwa kati ya mwaka 1863 na 1866, zama za majembe na mikokoteni, na maelfu ya vibarua. Ulipokutana na mto Dora Baltea wakaujengea daraja, mfereji ukapita juu ya mto. Ulipokutana na Sesia wakaupitisha chini, mto unatiririka juu na mfereji unatiririka chini yake, kisha maji yanaibuka ng'ambo na kuendelea na safari. Nilikwenda kupaona. Nilikaa pale hadi mume wangu akaniuliza kama tutalala hapo.

Aliyegundua kwamba jambo hili linawezekana hakuwa waziri. Alikuwa mpima ardhi wa Vercelli, Francesco Rossi, ambaye miaka ya 1840 alitembea na vipimo vyake, kwa hiari yake, akathibitisha kwamba Po pale Chivasso uko juu kiasi cha kuweza kunywesha nchi yote ya mashariki. Waziri Camillo Cavour alilichukua wazo hilo, mhandisi Carlo Noè akachora mpango wa mwisho. Cavour alifariki mwaka 1861 kabla jembe la kwanza halijapigwa. Kampuni iliyouchimba ilifilisika upesi, na serikali ikaununua mfereji mwaka 1874. Maji hayakusimama.

Kabla hata ya mfereji huo walikuwa wameshafanya lililo gumu zaidi. Mwaka 1853 wakulima wa magharibi ya mto Sesia waliungana katika chama kimoja cha umwagiliaji, nacho kipo hadi leo. Kila eneo lilichagua wajumbe wake. Chama kilichukua maji kwa jumla, kikayagawa, kikakusanya ada, na kiliweka baraza lake la usuluhishi kwa wenye ugomvi. Na maji yanayotoka kwenye jaruba la juu hayapotei. Yanakusanywa na kupelekwa kwa wa chini, kisha kwa wa chini yake tena.

Malango madogo ya mifereji yana watu wake. Mmoja wao nilimkuta karibu na Mortara, mzee mwenye baiskeli na jembe. Kazi yake ni kuzunguka, kufungua na kufunga. Nilimuuliza, kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza, itakuwaje tajiri akifungua usiku. Akajibu kwamba jirani wa tajiri atampigia simu yeye kabla hakujakucha.

Sisemi kwamba Waitaliano ni malaika. Hapo zamani palizi ilifanywa na wanawake walioinama ndani ya maji kutwa nzima, nao iliwabidi wagome hadi Vercelli ikawapa siku ya kazi ya saa nane mwaka 1906. Mwaka 2022 theluji ya Alpi ilikuwa haba na mvua ikakosekana, Po ukapungua kuliko ulivyoonekana kwa miaka 70, na mpunga wa Lomellina, upande wa Mortara, ukakauka shambani kwa sababu Lomellina iko mwisho wa mifereji. Walilaumiana sana. Lakini walikuwa na mahali pa kulaumiana, kukiwa na vipimo mezani.

Sasa tuutazame Katuma wetu. Mto huu unapita kwenye mashamba yetu ya mpunga, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yake yanaendelea hadi Ziwa Rukwa. Kiangazi wa juu anaziba kwa miti na viroba vya mchanga, wa kati anaziba tena kinachobaki, na chini viboko wanasongamana kwa mamia ndani ya tope huku watalii wakiwapiga picha wakidhani ndivyo mto ulivyo. Kisha tunangoja serikali ije kubomoa mabanio, tunalalamika, na msimu unaofuata tunaziba tena. Sheria tunayo: ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji. Bonde la Ziwa Rukwa lina bodi yake. Ardhi tunayo kuliko wao, na jua la mwaka mzima, ilhali wao wanavuna mara moja tu, Septemba na Oktoba, nao wanapata tani sita hadi saba kwa hekta. Tunachokosa ni kukaa pamoja, wa juu na wa chini, na kukubali kupimiwa.

Mkutano wa namna hiyo ungeweza kuitwa Sitalike, mto unapoingia hifadhini, kabla mvua za Aprili hazijakatika. Waje wa Kakese na Mwamkulu, waje wafugaji, waje wa hifadhi, na aje mtu mmoja mwenye kipimo cha mteremko.