Usitupe Hiyo Leso! Venye Takataka ya Kwenu Inaweza Geuka Sanaa

Karibu kila boma iko na ile leso kuukuu imeshushwa cheo, saa hii inapanguza jiko. Wasee, iokoeni. Hiyo ni mali.

Na hizi si story za jaba. Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa 1984, alijenga jina na C-Stunners, miwani anazounda na waya na vyuma vya kuokotwa. El Anatsui wa Ghana naye huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa na waya wa shaba hadi vinaanguka kama kitambaa. Mwaka wa 2023, kazi yake ilining'inia Tate Modern, London.

Sasa rudi kwa leso. Iko na sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ndio yale maneno ya chini, na hapo ndio kuna utamu. Shosh anaweza kuwa aliinunua ju ya hayo maneno tu, akamtumia jirani salamu bila kufungua mdomo. Ukipitisha makasi hapo, umemnyamazisha. So muulize kwanza, piga picha, halafu jina liache zima.

Kazi yenyewe iko hivi. Lowesha kona, ifinye na kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, usiloweke leso yote. Kama haitoki, fua na maji baridi na sabuni kidogo, anika kivulini ju jua hupausha.

Kitambaa kizee hakibebi uzito, kwa hivyo kishonee juu ya kaki ama jinzi ya mtumba. Vifuniko vya soda navyo vigongee nyundo juu ya mbao, toboa na msumari, ondoa ncha kali, pakaa vanishi pande zote. Ukiruka vanishi, kutu itakula leso. Shona vifuniko vikifuata maua ya mji, na uzi upite hadi kwa kaki ya nyuma.

Ukiamua kuuza, usipige bei ya tambara. Hesabu uzi, vanishi na zile siku umeinama. Na nyuma ya kazi andika leso ilikuwa ya nani na ilivaliwa wapi. Mnunuzi atapata vifuniko popote, lakini hiyo story iko kwenu pekee, na shosh bado anaikumbuka. Muulize leo.