Utafiti wa Kiakiolojia Msituni: Kulinda Turathi Kabla ya Shoka Kuanguka

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ina funzo kubwa kwa wanaosimamia misitu, ila upo ukuta ambao ukishaporomoka haujengeki tena. Huo ni ukuta wa turathi. Mti ukikatwa, mwingine huweza kupandwa mahali pake. Lakini tabaka la udongo lenye vigae, majivu na mifupa likishavurugwa na trekta halirejei katika hali yake ya awali. Makala haya yanaeleza jinsi utafiti wa nyanjani wa kiakiolojia unavyoongozwa katika misitu inayosimamiwa, na kwa nini sharti utangulie kazi nyingine yoyote. Mifano imetolewa katika Pwani ya Kenya.

Aghalabu msitu hudhaniwa kuwa pori lisilowahi kukaliwa na watu. Dhana hii ni potofu. Mji wa kale wa Gede, ulio karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulihamwa na wakazi wake kufikia karne ya 17, na miti ikazimeza nyumba, misikiti na visima vyake. Ulitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mnamo 1927, na uchimbuzi wa James Kirkman ukaanza mwaka wa 1948. Mnamo 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Turathi za Dunia. Kabla yake, mnamo 2008, misitu 10 ya kaya za Wamijikenda ilikuwa imekwisha kuingizwa katika orodha iyo hiyo. Misitu hiyo imetawanyika katika masafa ya kilomita 200 hivi, na ndani yake mna mabaki ya vijiji vilivyozungushiwa ngome.

Umuhimu wa mabaki hayo unadhihirika katika mjadala wa asili ya Wamijikenda. Masimulizi yanasema kwamba walihama kutoka Singwaya na kuanzisha kaya zao kuanzia karne ya 16. Hata hivyo, tafiti za kiakiolojia, zikiwemo za Henry Mutoro katika miaka ya 1980, zilibainisha kwamba eneo hilo lilikuwa na makazi hata kabla ya wakati huo. Laiti maeneo hayo yangalilimwa kabla ya mtafiti kufika, suala hilo lisingaliweza hata kuulizwa.

Utafiti wa aina hii huanza kabla ya mguu kukanyaga msitu. Kiongozi wa utafiti hukusanya ramani za zamani, picha zilizopigwa kutoka angani na kumbukumbu za idara ya misitu. Aidha, huwahoji wazee na kuyachunguza majina ya mahali. Hapa mwanaisimu ana mchango mkubwa. Kwa mfano, huko Rabai kuna Kaya Mudzi Muvya. Neno mudzi ni ndugu wa neno mji la Kiswahili. Jina lenyewe basi linashuhudia kwamba palipo na miti leo palikuwa na watu jana.

Hatua ya pili ni kutembea. Watafiti hujipanga katika mstari mmoja, wakiachana kwa hatua zilizokubaliwa, kisha husonga mbele pamoja wakifuata dira. Macho huwa chini. Kwa kuwa majani makavu huifunika ardhi, hutazamwa zaidi mahali ambapo udongo umefunuka: kwenye vijia, kingo za vijito, mashimo ya wanyama na chini ya mizizi ya miti iliyong'olewa na upepo. Vigae vya vyungu, mavi ya chuma, makombe ya pwani yaliyoonekana bara, au udongo mweusi wenye majivu ni dalili za makazi. Pasipoonekana kitu juu, huchimbwa mashimo madogo ya majaribio kwa masafa yaliyo sawa, na udongo wake hupitishwa kwenye chekecheke. Kila kinachopatikana huandikiwa mahali na kina kilipotoka. Kigae kisichojulikana kimetoka wapi kimepoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Ikumbukwe kwamba kutoona si ushahidi wa kutokuwapo. Kwa sababu hiyo, ripoti iliyo aminifu haitaji yaliyopatikana tu, bali pia hutaja sehemu ambazo hazikupitika kwa sababu ya vichaka au miteremko. Kiongozi anayeficha mapengo hayo humfanya msimamizi wa msitu aamini kuwa eneo ni tupu, ilhali halijatazamwa.

Hata hivyo, ugumu mkubwa wa uongozi huu hauko katika vifaa. Uko katika kuamua ni wapi pasipofaa kuguswa. Katika kaya mna fingo, yaani kago lililofukiwa ardhini ili kuwalinda wenyeji, na mahali lilipo ni siri ya wazee. Mtafiti anayelichimbua kwa jina la elimu huwa ameharibu kile alichotumwa kulinda. Kwa mintarafu hii, idhini ya wazee wa kaya hutafutwa kwanza, taratibu zao hufuatwa, na mzee anapokataza njia fulani, njia hiyo huachwa. Hali kadhalika, ramani kamili haifai kutangazwa ovyo. Vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka waliofariki, vimeibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo. Ni mwaka wa 2007 ambapo viwili vilirejeshwa Kenya kutoka Marekani. Ramani ile ile inayomwongoza mlinzi yaweza kumwongoza mwizi.

Sheria nayo ina nafasi yake. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kutafuta vitu vya kale kwa kuchimba bila leseni. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 nayo inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kuanza. Lakini sheria haina macho. Isipokuwapo timu iliyotembea msituni, karatasi ya tathmini huweza kujazwa ofisini na mahali pa kale pakapotea bila mtu yeyote kuvunja sheria kwa makusudi.

Utafiti unapokamilika, matokeo yake sharti yageuzwe kuwa maagizo ambayo mfanyakazi wa msituni anaweza kuyatekeleza. Mahali palipobainishwa huwekewa mpaka, na ukanda wa kinga ukaachwa kuuzunguka. Barabara ya kutolea magogo huelekezwa kando. Miti iliyo karibu huangushwa kuelekea nje ya mpaka, na haing'olewi na mizizi yake. Walinzi wa misitu nao hufunzwa kutambua vigae, ili wakikuta kitu kipya wasimamishe kazi na kutoa taarifa.

Kwa kuhitimisha, adui mkubwa wa turathi za msituni si uovu bali ni kutojua. Mwenye shoka hawezi kukiepuka kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Ndiyo maana utafiti unaofanywa baada ya miti kukatwa huwa ni hesabu ya hasara tu. Jukumu hili si la wanaakiolojia peke yao. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusanya masimulizi na majina ya mahali kutoka kwa wazee hutangulia hatua moja mbele ya mtafiti. Wazee hao hawadumu milele, na jina likisahauliwa, mahali pake huwa pamebakiwa na miti tu.