Betri Husomwa Kwenye Mita ya Tokeni

Kulia mwa dashibodi ya Nissan Leaf, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijiti 12 vyembamba ambavyo wanunuzi wengi hawavitazami. Macho yao hukimbilia asilimia ya chaji, au kilomita ambazo gari linadai litafika. Vijiti hivyo havipandi na kushuka kila siku kama chaji. Vinaonyesha afya ya betri yenyewe, na kikizimika kimoja, kimekwenda. Cha kwanza huzimika betri ikiwa imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Kila kinachofuata huondoka na takriban asilimia 6 nyingine.

Ndivyo ilivyokusudiwa na waliolitengeneza. Lakini vijiti vinarudishwa. Mtu mwenye kompyuta na waya unaofaa huingia kwenye mfumo unaosimamia betri, akaufanya usahau yote uliyojifunza, na gari lililoingia karakana na vijiti 8 likatoka na 12. Betri ni ile ile kuukuu. Baada ya wiki kadhaa za kuendeshwa na kuchajiwa, mfumo huanza kuujua ukweli upya na vijiti vikazimika kimoja baada ya kingine. Wakati huo pesa zimeshalipwa na muuzaji hashiki simu.

Nilipoisikia habari hii haikunitoka akilini, kwa sababu Leaf za mtumba kutoka Japani zimekuwa zikiongezeka mitaani Eastlands, Nairobi, nyingi mikononi mwa madereva wa teksi walioweka humo akiba ya miaka. Kama vijiti vinadanganya, mtu wa Umoja au Kayole atajuaje anachonunua? Jibu nililipata kwa fundi wa stima wa Kariobangi ambaye nimekubali kutomtaja, maana kazi yake nyingine ni kuweka soketi kwenye maegesho ya ploti ambazo wenyewe hawajaulizwa. Yeye vijiti havitazami. Hutazama mita ya tokeni, ile ya stima inayolipiwa kabla.

Njia yake ni hii. Gari linaletwa jioni likiwa limeendeshwa hadi chaji imekaribia kuisha kabisa. Fundi anaomba nyumba nzima izimwe: friji, televisheni, pasi, taa, mpaka chaja za simu. Anabonyeza kile kidude cha tokeni, anasoma yuniti, yaani kilowati-saa, zilizobaki, na kuziandika kwa kalamu ya biro kwenye kipande cha boksi pamoja na saa. Kisha anachomeka gari kwenye soketi ya kawaida ya ukutani na kwenda kulala. Kwa soketi hiyo Leaf ya betri ndogo, ile ya kilowati-saa 24, huchukua kama saa 10 kujaa, kwa hiyo usiku mmoja unatosha. Asubuhi anasoma tena, anatoa hesabu, halafu anapunguza sehemu moja kwa kumi, ambayo anasema ni stima iliyopotea njiani kama joto kwenye waya na kwenye chaja ya ndani ya gari. Kinachobaki ndicho kilichoingia kwenye betri.

"Kampuni ya stima haiwezi kukupa yuniti ambayo hujainunua, na gari haliwezi kumeza yuniti ambayo halina mahali pa kuiweka," aliniambia. "Huyo wa kompyuta arudishe vijiti anavyotaka. Hawezi kuongeza tumbo."

Betri ya kilowati-saa 24 ilipokuwa mpya ilitumika kama 21 tu kati ya hizo, nyingine zikiwekwa akiba ili isikauke kabisa. Kwa hiyo gari zima, kutoka karibu tupu hadi kujaa, linapaswa kula yuniti 22 au zaidi kidogo za mita. Aliyoyaandika kwenye vipande vyake vya boksi, ambavyo amevifunga kwa mpira, ni tofauti. Kuna 17, kuna 15. Kuna moja ya 13 ambayo aliizungushia duara. Mwenye gari hilo, anasema, alikuwa ameshalinunua na dashibodi ilikuwa na vijiti vyote 12. Familia ilikaa gizani usiku kucha na maziwa ya friji yakaganda, ili baba ajue kwamba alinunua nusu ya gari.

Nilimuuliza kinachoua betri ni nini hasa. Alinijibu kwa mfano wa matatu. Lithiamu ikiingia kwenye betri tupu, alisema, ni kama abiria wa kwanza: wanapanda mbio na kuchagua viti. Abiria wa mwisho wanasukumana mlangoni, na wakilazimishwa kuna kitu kitavunjika. Ndiyo maana chaji ya haraka hupunguza mwendo ikipita asilimia 80, na ndiyo maana betri za aina iliyo ndani ya Leaf hazipendi kukaa zimejaa pomoni kwa saa nyingi, hasa mahali pa joto. Hazipendi pia kuachwa tupu kwa siku kadhaa. Zingependa kuishi katikati, zichajiwe polepole, na zimalize kujaa karibu na saa ya safari badala ya usiku wa manane.

Joto ndilo adui mkubwa kwa Leaf hizi kwa sababu betri zake hazina mfumo wa kuzipoza. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, Marekani, walianza kulalamika kwamba vijiti vinazimika mapema mno, na Nissan ikaishia kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Hapa Nairobi tuna bahati. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na baridi ya Julai inayotufanya tununue makoti Gikomba ni dawa kwa betri. Kwa upande huo gari hili lingeteseka zaidi Mombasa kuliko Donholm.

Ila bahati ya hewa inaliwa na mambo mengine. Leaf za miaka ya mwanzo zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, uliowekwa makusudi kurefusha maisha ya betri. Uko kwenye menyu ya skrini, na menyu ya gari lililotoka Japani imeandikwa Kijapani. Fundi ananiambia hajakutana na dereva hata mmoja wa mtaani aliyekuwa akiutumia. Yeye mwenyewe aliufikia kwa kubonyeza alama moja moja huku ameshika picha aliyotumiwa na rafiki kwenye simu.

Na hata wangeuweza, wangeutumia? Hapa ndipo ushauri wote wa vitabu unapogonga mwamba. Chaji polepole, usiku, ukomee 80, usitegemee chaji ya haraka: maneno mazuri yanayochukulia kwamba una ukuta wako. Nyumba za Buruburu, zile zilizojengwa tangu miaka ya 1970, nyingi zina ua na geti, na mwenye Leaf huko huchomeka gari kama anavyochomeka birika. Nenda mtaa wa Pipeline. Maghorofa yamebanana mpaka jua halifiki chini, maegesho hakuna, na gari hulala kwenye sehemu ya kulipia barabarani au kwenye kituo cha kuosha magari. Umoja iko katikati ya hali hizo mbili: ploti zilizokusudiwa nyumba ndogo zimepandishwa ghorofa, na mpangaji wa ghorofa ya tatu anateremsha waya wa ekstensheni dirishani hadi msimamizi wa ploti amfokee.

Waya huo ndio humfanya fundi apandishe sauti. Gari huvuta stima nyingi mfululizo kwa saa 10, jambo ambalo pasi na birika havifanyi, na waya mwembamba uliokunjwa kwenye roli yake hupata moto. Ameona plagi zilizoyeyuka. Kwake, anayechaji kwa waya wa kuazima ana haraka ya kumaliza kabla hajafukuzwa, na mwenye haraka hawezi kuitunza betri.

Dereva wa teksi asiye na ukuta ana njia mbili. Ya kwanza ni kukodi soketi kwa mtu, kwenye gereji au kituo cha kuosha magari, na kujaza hadi asilimia 100 kwa sababu hajui kama kesho stima itakuwepo au soketi itakuwa imechukuliwa na mwingine. Gari linajaa saa nane usiku na kukaa limejaa hadi saa kumi na mbili. Ya pili ni vituo vya chaji ya haraka, mara mbili au tatu kwa siku, betri ikiwa bado ina joto la safari. Hata Leaf mpya zaidi ya kilowati-saa 40 haikuundwa kwa maisha hayo. Mwaka 2018 wenye magari hayo Uingereza waligundua kwamba chaji ya haraka ya pili kwa siku moja inakwenda kwa kusuasua, gari likijikinga na joto. Isitoshe, soketi ya haraka ya Leaf hizi ni ya Kijapani, na magari mapya ya Kichina na ya Ulaya hutumia za aina nyingine. Si kila kituo kitakachomfaa dereva huyo.

Kisha bei. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya stima ya magari ya umeme: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku ambapo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Ni mpango mzuri, na unamlipa mtu kufanya kile ambacho betri inakitaka, yaani kuchaji usiku. Lakini unahitaji mita yake. Mpangaji wa Kayole mwenye tokeni ya nyumba analipa bei ya nyumba, na mwaka huo huo matumizi ya nyumbani yanayozidi yuniti 100 kwa mwezi yaliwekwa kwenye ngazi ya juu, karibu shilingi 21. Leaf inayokwenda kilomita 1,500 kwa mwezi hula zaidi ya yuniti 200. Anayechaji kwake anapandishia nyumba nzima bei, na anayekodi soketi anatozwa lolote atakalosema mwenye soketi. Kwa hesabu hiyo mwenye ua Buruburu, anayeweza kuomba mita ya pili, anachaji kwa nafuu na betri yake inadumu. Maskini wa gari hili analipa mara mbili: leo kwenye tokeni, baadaye kwenye betri.

Kampuni za usafiri zimeukwepa mtego huu kwa kutomwachia dereva betri. BasiGo ilipoanza majaribio ya mabasi ya BYD Machi 2022 pamoja na kampuni za mabasi za Citi Hoppa na East Shuttle, ilipanga mwenye basi alipe kwa kilomita, na kuchaji na betri vibaki shauri la kampuni. Betri za mabasi hayo ni za chuma na fosfeti, ambazo huvumilia kujazwa kuliko za Leaf, kwa hiyo ile kanuni ya asilimia 80 haizihusu kwa uzito huo huo. Boda za umeme zinazobadilisha betri vituoni nazo hivyo hivyo: mwendeshaji anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, na afya yake haimsumbui. Ni busara kibiashara. Lakini mwendeshaji huyo hatamiliki betri kamwe, na kampuni ikifunga mlango, abaki na nini? NopeaRide, teksi za Leaf zilizoanza Nairobi 2018 chini ya kampuni ya Kifini, zilisimama 2022. Wateja walipata teksi nyingine siku hiyo hiyo. Wanaotegemea kituo kimoja cha betri hawatapata urahisi huo.

Betri zilizochoka zinakwenda wapi, fundi alinionyesha kwa kidole: pembeni mwa kibanda chake kuna vipande vya betri ya Leaf vilivyotenganishwa, anavyoviuza kwa watu wa sola. Ni nani anayekagua vipande hivyo, na kimoja kikiwaka moto ndani ya chumba Dandora atawajibika nani, hakuwa na jibu, na mimi sikupata wa kumuuliza.

Kwa anayepanga kununua Leaf ya mtumba, na hasa zile za kilowati-saa 24 ambazo kwa sheria inayokataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 8 haziingii tena nchini bali zinauzwa humu humu kutoka mkono hadi mkono: mwombe muuzaji gari lilale kwako usiku mmoja chaji yake ikiwa imekaribia kuisha kabisa. Zima kila kitu, andika namba ya mita, chaji hadi asubuhi. Likila yuniti 15 au chini, betri imepoteza kama theluthi au zaidi, hata kama dashibodi ina vijiti vyote 12. Dai bei ishuke kwa kiasi hicho. Muuzaji akikataa gari lisilale kwako, mwachie.