Nukta tatu zilizomfukuza nahodha

Jioni moja nilimkuta mpwa wangu, msichana wa miaka kumi na tisa, ameketi jikoni akiikodolea macho simu yake. Chai iliyokuwa mbele yake ilikuwa imepoa hata ikafanya utando. Nilipomwuliza kulikoni, alinigeuzia kioo cha simu. Hapakuwa na picha wala habari. Palikuwa na nukta tatu tu zikichezacheza, na ubavuni mwake maneno ya kuarifu kwamba fulani anaandika.

"Tangu saa mbili, Mjomba," alisema. "Anaandika, anaacha. Anaandika, anaacha."

Kabla sijasimulia yaliyofuata, yafaa msomaji aujue mchezo wenyewe. Mpwa wangu ni mmoja wa vijana wengi duniani wanaocheza michezo ya kuigiza kwa maandishi. Hakuna jukwaa wala mavazi. Kila mmoja hujichagulia mhusika, akaandika aya moja au tatu kueleza mhusika huyo anasema nini na anatenda nini, kisha humwachia mwenzake zamu. Yeye alikuwa mpishi wa jahazi. Mwenzake, kijana wa Kanada ambaye hawajapata kuonana ana kwa ana, alikuwa nahodha. Walikuwa wameivuka bahari hiyo ya kubuni kwa muda wa miaka miwili.

ALAMA ILIKOTOKA

Michezo ya namna hii si mipya. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, aitwaye Roy Trubshaw, alianza kutunga mchezo wa kompyuta ulioitwa MUD, ambao mwenzake Richard Bartle aliuendeleza. Wachezaji waliingia katika nchi ya kubuni iliyojengwa kwa maneno matupu.

Ama kuonana tukiandika, hilo lilitangulia. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ilibuniwa programu iitwayo Talkomatic. Humo kila herufi ilionekana papo hapo ilipochapwa, pamoja na makosa yake. Mazungumzo ya IRC, yaliyoanzia Finland mwaka 1988, yaliuficha uandishi huo: mtu aliona sentensi ikiwa imekwisha kutumwa. Baadaye programu kama MSN Messenger ya mwaka 1999 zikaleta njia ya katikati. Maneno hayaonekani, ila unaarifiwa kwamba mwenzako anaandika. Leo waigizaji wengi wamehamia Discord, iliyofunguliwa mwaka 2015, na nukta hizo wamezikuta huko.

Nathubutu kusema kwamba alama hiyo ina manufaa yake. Katika kundi la watu sita, nukta ni kama mkono ulioinuliwa barazani. Anayeziona hungoja, asije akamfanya mhusika wake aondoke chumbani wakati mwenzake anaandika kwamba wamekaa kula. Wengi huhesabu kuwa ni utovu wa adabu kutuma aya yako huku ukiona mwingine yu katikati ya yake.

MACHO YASIYOONA FIKRA

Lakini hebu tutazame jinsi inavyofanya kazi. Katika Discord, ishara ya kuandika hudumu sekunde 10 hivi, kisha hufifia isipokuwa mtu ameendelea kuchapa. Maana yake ni kwamba anayesimama kutafakari huonekana kama aliyeondoka, na akirejea kwenye vitufe nukta nazo hurejea. Alama huona vidole, fikra haizioni. Na katika kutunga hadithi, kufikiri ndiko kuliko kazi kubwa.

Kwa sababu hiyo tabia za waandishi zimebadilika. Wapo wanaofupisha aya zao ili wasimchoshe anayengoja. Wapo wanaoandikia kando, katika daftari la simu, kisha wakabandika kazi iliyokamilika. Hao nao hawasalimiki, kwa kuwa mwenzao haoni dalili yoyote, akadhani amesahauliwa. Ukiandika mbele yake unamtia wasiwasi, na ukiandika kando unamtia upweke.

Nilipokuwa kijana, washairi wetu walilumbana katika magazeti. Mtu alitungiwa swali kwa beti, akajibu baada ya wiki kadhaa, nasi wasomaji tukangoja kwa hamu. Hakuna aliyemwona mshairi akifuta ubeti mara kumi. Ukimya wake tuliuhesabu kuwa ni heshima kwa kazi.

USIKU ULE

Narudi jikoni. Jioni ile mpwa wangu alikuwa ameandika jinsi ndugu yake nahodha alivyozama baharini. Nukta zikaja, zikapotea, zikaja tena, hadi ikapata saa nne. Aliponiuliza rai yangu, mimi mtu mzima nilitia kuni motoni. "Huyo amechukia," nilimwambia, "ila hana ujasiri wa kukuambia." Naye akaandika maneno makali, tena si ya mpishi bali yake mwenyewe: kwamba asiyetaka mchezo aseme, asiwachezee watu akili.

Jibu lilifika alfajiri. Kijana yule hakuwa amechukia. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika ndugu yake wa damu, na usiku ule alikuwa akitafuta maneno ya kumpa nahodha, akiandika na kufuta. Alimshukuru mpwa wangu kwa safari ya miaka miwili, akaaga. Hajarudi hadi leo.

Sikuandika neno hata moja katika ugomvi ule, lakini lawama naibeba. Nilizisoma nukta tatu kana kwamba ni uso wa mtu.

Sisemi alama hiyo ipigwe marufuku. Programu nyingine, kama Signal, humruhusu mtu kuizima, na ni vyema kujua hivyo. Lakini dawa iliyo bora ni ile ya vijana wenyewe. Aghalabu wao hutia maneno ndani ya mabano mawili ili kumjulisha mwenzao kwamba sasa anasema mtu, si mhusika. Siku hizi mpwa wangu ana kikundi kingine, na kila amalizapo zamu yake huongeza mabano hayo. Ndani yake huandika: "Hakuna haraka. Nitangoja."

Kisha huifunika simu, akanywa chai yake ingali moto.