Kipindupindu Sugu na Vidonge vya Sadaka

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikatua Tabora na kuishia Ujiji haikubeba pembe, nguo na watumwa peke yake. Ilibeba na maradhi. Kipindupindu kilichoua maelfu Unguja mwaka 1869 na 1870 kilienea bara pia, na habari kwamba kimefika Ugogo zilimfikia Livingstone akiwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kuua vimelea vyake. Leo ipo, na tunaweza kuipoteza kwa mikono yetu.

Oktoba 1977 kipindupindu kilizuka tena Tanzania. Dawa iliyotegemewa ilikuwa tetrasaiklini, nayo mwanzoni ilivishinda vimelea vyote vilivyopimwa. Basi ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile, ili wazima wasije wakaugua. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu kwa dawa hiyo. Daktari Mhalu na wenzake walilitangaza jambo hilo mwaka 1979 katika jarida la The Lancet, na hadi leo wataalamu wa nchi nyingi hulitaja kama onyo.

Sababu yake si siri. Kati ya mamilioni ya vimelea huwamo vichache ambavyo dawa haiviwezi. Dawa ikiua dhaifu, hivyo vichache hubaki peke yao na kuzaana pasipo mshindani. Tena vimelea vya tumboni huweza kupeana sifa hiyo ya usugu, hata vya aina mbalimbali. Kwa hiyo mtu mzima anayemeza kidonge kwa hofu huandaa tumboni mwake mahali pa vimelea sugu kustawi.

Nayaeleza haya kwa sababu wapo wanaoleta msikitini vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baada ya mgonjwa kupona au kufariki, wakiomba wapewe maskini iwe sadaka. Nia ni njema, na Mola hulipa nia. Lakini maskini huyo atapewa dozi pungufu ya dawa ambayo pengine haihusiani na maradhi yake. Vidonge hivyo vipelekwe zahanati, na mwenye kutaka kutoa sadaka amlipie jirani nauli ya kwenda kupimwa.

Sheria yetu ina msingi wa jambo hili. Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia mji wenye tauni, na aliyemo akakatazwa kutoka kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (r.a.) alirudisha msafara wake kutoka njia ya Sham kwa ajili hiyo. La kwanza ni jepesi kulielewa. La pili ni zito, kwani linamtaka aliye mzima asinunue usalama wake kwa hatari ya wengine. Mwenye kumeza dawa asiyoihitaji naye hufanya biashara hiyohiyo, ila bidhaa ni tiba ya jirani.

Wala hatuzungumzii mambo ya kale tu. Mei 2015 kipindupindu kiliwapata wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, mkoani Kigoma, mwambao uleule wa ziwa ilikoishia njia ya misafara. Na kutoka Kigoma hadi Tabora sasa ni safari ya treni tu.

Kinachomwokoa mgonjwa wa kipindupindu hasa ni maji. Dawa husaidia kufupisha kuharisha, na tabibu ndiye anayeamua nani apewe. Pasipo pakiti ya ORS, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Akitapika, ngoja kidogo kisha endelea kumpa kijiko kimoja kimoja mkiwa njiani kwenda hospitali. Hata ikiwa mchana wa Ramadhani, mpeni. Siku hiyo atailipa akipona.