Kuchagua Kisomeo cha Vitabu kwa Safari Ndefu

Mgonjwa au muuguzi anayetoka Mugeta, wilayani Bunda, kwenda Dar es Salaam kwa basi ana zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake. Simu yake ndiyo njia ya kuwasiliana na hospitali na ndugu. Akiisomea vitabu safari nzima, huenda akafika imezimika. Kifaa cha pekee cha kusomea humwondolea hofu hiyo.

Kinachofaa ni chenye skrini ya wino wa kielektroniki. Tofauti na kishikwambi, skrini hiyo hutumia umeme hasa ukurasa unapobadilika. Hivyo betri hudumu siku nyingi, na maandishi husomeka hata juani. Mnunuzi ahakikishe herufi zinakuzwa, kwa manufaa ya waliovuka miaka 40 ambao macho yao huanza kushindwa kuona vema karibu. Mhudumu wa afya anayesoma miongozo ya tiba katika faili za PDF ataona skrini ya inchi 6 ni finyu. Ya inchi 10 ni afadhali, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Hata hivyo, hakuna kisomeo kinachozuia kichefuchefu cha garini: macho huona ukurasa uliotulia, ilhali sikio la ndani huhisi mwendo. Aidha, kuketi zaidi ya saa 4 bila kujinyoosha huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Basi likisimama, kisomeo kifungwe, msafiri ashuke atembee.