Bingwa Ni Anayekata Kidogo: Rekodi za Upasuaji wa Crohn

Mgonjwa maarufu kuliko wote aliyepasuliwa kwa sababu ya ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, alikuwa Rais wa Marekani. Alfajiri ya tarehe 9 Juni 1956, Dwight Eisenhower, mwenye miaka 65, aliingizwa chumba cha upasuaji cha hospitali ya jeshi ya Walter Reed, utumbo wake ukiwa umeziba. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu apate shambulio la moyo. Madaktari walioongozwa na Leonard Heaton walimfungua tumbo kwa mkato mrefu, lakini hawakuondoa kipande chochote. Waliunga utumbo mwembamba na utumbo mpana, chakula kikawa kinapita pembeni ya sehemu mbovu. Alilazwa wiki tatu, na Novemba akachaguliwa tena.

Siku hizo hapakuwa na njia nyingine. Kuchungulia tumboni kwa tundu dogo kulikuwa kumejaribiwa zamani: Georg Kelling wa Ujerumani alimchungulia mbwa mwaka 1901, na Hans Christian Jacobaeus wa Sweden akafanya hivyo kwa binadamu mwaka 1910. Kutoka kuchungulia hadi kukata ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko yote. Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, na kukata utumbo kwa matundu kukaanza miaka ya mwanzo ya 1990.

Je, ipi inashinda, njia ya mkato wa wazi au ya matundu? Kwa muda wa kumaliza kazi, mkato wa wazi. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2006, wagonjwa 60 wa Crohn waligawanywa kwa kura. Upasuaji wa wazi ulichukua dakika 90, wa matundu 115. Lakini wa matundu walirudi nyumbani baada ya siku 5, wenzao siku 7, na waliopata matatizo ndani ya mwezi wa kwanza walikuwa asilimia 10 dhidi ya 33. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, wenye wagonjwa 60 pia, mapafu ya waliopasuliwa kwa matundu yalirudia nguvu karibu siku moja mapema. Jambo hilo halionekani kwenye kovu, ila mtu aliyeogopa kukohoa kwa maumivu ya mshono analielewa mara moja.

Katika utafiti ule wa Uholanzi, mgonjwa mmoja katika kila kumi wa kundi la matundu aliishia kufunguliwa tumbo. Sioni aibu hapo. Penye jipu, nasuri, au matumbo yaliyogandana kwa makovu ya zamani, daktari anayebadili njia mapema anamlinda mgonjwa wake.

Rekodi ninayoithamini zaidi haihusu ukubwa wa tundu. Kisu hakiponyi Crohn. Ugonjwa unaweza kurudi, na utumbo ukishatolewa haumei tena. Ndiyo maana matokeo ya mwaka 1996 kutoka Cleveland ni makubwa kwangu: kutoa ukingo wa utumbo mzima wa sentimita 2 au 12 hakukubadili kasi ya ugonjwa kurudi. Sentimita kumi za ziada zilikuwa hasara tupu.

Mbinu ya kuokoa utumbo yenye safari ya ajabu kuliko zote ilitoka kwenye TB. Madaktari wa India walieleza mwaka 1977 jinsi ya kupanua utumbo uliosinyaa kwa kifua kikuu cha tumbo: unapasuliwa kwa urefu, unashonwa kwa upana, hakuna kinachotupwa. Emanoel Lee wa Oxford akaipeleka kwa wagonjwa wa Crohn mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwetu Afrika Mashariki, ambako TB ya tumbo na Crohn hufanana hadi kumchanganya daktari, udugu huu unatuhusu.

Na ushindi uliowashangaza wengi ni wa LIR!C, utafiti wa Uholanzi na Uingereza uliotolewa 2017. Watu 143 wenye Crohn mwishoni mwa utumbo mwembamba, sehemu isiyozidi sentimita 40, walipewa ama dawa ghali ya infliximab ama upasuaji wa matundu. Baada ya mwaka mmoja ubora wa maisha yao ulilingana. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka mitano, karibu nusu ya waliopewa dawa walikuwa wamekwisha kukatwa utumbo. Katika waliotangulia kwa kisu, hakuna hata mmoja aliyekatwa mara ya pili.